Uniti 30 ni za mita, si za nyumba yako

UZI. Haya ni maneno niliyosema mbele ya vijana wenzangu na wazee wachache hapa Ogembo. Nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni. Sitaji mwanasiasa wala chama. Mkitaja nyinyi huko kwa majibu, shauri yenu.

 

Kila msimu wa siasa ukifika, kuna sentensi mbili kuhusu stima. Wanaotaka kiti wanasema, "Tutashusha bei." Walio na kiti wanasema, "Mwananchi wa chini tayari analipa bei nafuu." Ya kwanza naipitia haraka, maana ya pili ndiyo inatugusa hapa.

Bei ya uniti inaidhinishwa na EPRA, baada ya Kenya Power kupeleka ombi na umma kuitwa kutoa maoni. Hiyo ni bei ya msingi tu. Juu yake kuna gharama ya mafuta inayobadilika kila mwezi, kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kuna ushuru wa asilimia 5 wa kupeleka stima mashambani, na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana shilingi 200 ya leo haikupi uniti sawa na 200 ya mwezi uliopita, hata kama hukusikia bei mpya ikitangazwa. Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aseme atashusha, muulize anashusha kipande kipi. VAT ni ya Bunge la Taifa. Gharama ya mafuta haiondoki kwa makofi. Na diwani hana mkono kwa hayo yote, hata akipiga kelele namna gani.

Haya, tuje kwa ile sentensi ya pili.

Bei nafuu ipo kweli. Mwaka 2018 pekee ilibadilishwa mara mbili: kwanza ilikuwa ya wanaotumia hadi uniti 10 kwa mwezi, halafu mwisho wa mwaka ikapandishwa hadi uniti 100. Mwaka huo huo ile ada ya 150 ya kila mwezi iliondolewa. Kisha Aprili 2023 kiwango kikashushwa hadi uniti 30. Bei za msingi wakati huo zilikuwa 12.22 kwa asiyezidi uniti 30, 16.30 kwa wa 31 hadi 100, na 20.97 kwa aliyepita 100. Wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita.

Wastani wa nani? Wa mita. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Chukua ploti ya vyumba sita hapa mjini, mita moja. Kila chumba kuna taa, simu, redio, pengine runinga ndogo. Tuseme kila mmoja anatumia uniti 20. Huyo ni mtu wa matumizi ya chini kabisa, ndiye hasa anayetajwa kwenye hotuba. Lakini mita haijui vyumba. Mita inaona uniti 120, inasema huyu ni mtumiaji mkubwa, na kwa bei za Aprili 2023 ilimweka kwenye 20.97. Tofauti na 12.22 ilikuwa 8.75 kwa uniti. Mara uniti 20, ilikuwa shilingi 175 kila mwezi kwa kila chumba, kabla hujaongeza mafuta na VAT. Kwa mtu anayeuza ndizi sokoni, 175 si kitu cha kucheka.

Sasa upande wa pili. Kuna mtu ana kazi nzuri Nairobi, amejenga nyumba ya mawe kijijini, anakuja Desemba na wakati wa matanga. Mita ni yake peke yake. Mwaka mzima kuna taa ya nje tu inawaka. Huyo anapata bei nafuu. Simlaumu, hajaiba kitu. Lakini sera iliyolenga mpangaji imemkosa mpangaji ikampata mwenye nyumba tupu, na hakuna mtu anauliza hilo kwenye midahalo.

Na si bei peke yake. Tokeni ni pesa unayolipa kabla hujatumia stima. Zile tarakimu 20 ni za mita moja tu. Ukihama katikati ya mwezi huwezi kubeba uniti zako, zinabaki ukutani. Akaunti ikiwa na deni la zamani, anayekatwa ni yule anayenunua tokeni leo, hata kama deni aliliacha mtu mwingine. Na pale penye mita ndogo za ndani, mwenye ploti ndiye anapanga uniti iuzwe ngapi. Mpangaji analipa kila shilingi, lakini kwa karatasi yeye si mteja wa mtu yeyote.

Kuna wenzangu chuoni wanasema turudi tu kwa uniti 100. Mimi sina hakika. Ukiongeza wanaopata nafuu, lazima kuna mwingine anajaza pengo, na kwa ploti yetu ya vyumba sita hata 100 haingetosha. Naona ni afadhali kudai mita ya pili na ya tatu ziwe rahisi kuwekwa. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka 35,000 hadi 15,000, tena kwa awamu, kwa nyumba zilizo karibu na transfoma. Kumbe inawezekana serikali ikitaka. Mbona isiwe hivyo kwa vyumba vya kukodi?

Kabla ya maswali, toeni simu. Fungueni ujumbe wa mwisho wa tokeni. Kuna pesa zote ulizolipa, kisha kuna kiasi cha tokeni peke yake, makato mengine yako kando. Gawanya hicho kiasi cha tokeni kwa uniti ulizopata. Ikija karibu na 12, uko kwenye bei nafuu. Ikija 16, umeshatoka. Ikipita hapo, uko na wakubwa.

Na nyinyi mnaosoma huu uzi mkiwa mmekodi chumba, fanyeni hesabu hiyo mniandikie hapa chini imetoka ngapi na mko vyumba vingapi kwa mita moja. Nambari ya mita msiweke.