Kiwanja cha Watoto Kisiwe na Mlango wa Kadi

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa Kamati anayehusika na mambo ya watoto, Siku ya Mtoto wa Afrika, mbele ya viongozi wa bloki zote)



Siku hii ya 16 Juni huadhimishwa tangu mwaka 1991, kwa uamuzi wa OAU, ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Kila mwaka sisi huiadhimisha kwa ngoma, kwa mbio za magunia na soda, na ni vizuri. Lakini mwaka huu Kamati imeniomba niseme juu ya jambo moja ambalo limeleta maneno mengi kambini, hata kwenye foleni ya mgao: kiwanja cha watoto katika bloki mpya.

Mnajua hali ilivyo. Tangu kiangazi, nyumba za matofali zimejengwa upande ule wa bonde kwa ajili ya ndugu zetu waliofika karibuni na kwa wazee waliokuwa wangali kwenye maturubai. Nyumba ni nzuri. Zina bati, zina madirisha, na nawapongeza mafundi, ambao wengi wao ni vijana wetu wenyewe. Katikati ya nyumba hizo kumetengenezwa kiwanja cha watoto chenye bembea, mchanga na kibanda cha kivuli. Kukizunguka kumewekwa waya, na kwenye mlango kuna mlinzi anayeuliza kadi. Mtoto wa bloki mpya anaingia. Mtoto wa bloki ya zamani, ambaye nyumba yao iko hatua sitini kutoka pale, haingii. Mtoto wa mwenyeji, ambaye babu yake alilima mahali pale kabla yetu sote, haingii. Wanashika waya na kuangalia. Na kabla ya nyumba kujengwa, pale palikuwa uwanja wa mpira wa watoto wote hao.

Tulipouliza, tulijibiwa kwamba fedha zilitolewa kwa idadi fulani ya familia, kwamba watoto wakiwa wengi vifaa vitavunjika, na kwamba mtoto akiumia haitajulikana ni wa nani. Sizidharau sababu hizo. Bembea lenye watoto mia mbili halimalizi wiki mbili, na mimi mwenyewe nimeshuhudia. Lakini sababu zote tatu ni za kulinda vyuma, si za kulinda watoto.

Ndugu zangu, msifikiri jambo hili limeanzia kwetu kwa sababu sisi ni wakimbizi. Machi 2019, gazeti la Guardian la Uingereza liliandika habari za nyumba mpya huko Lambeth, katika jiji la London, mahali palipokuwa shule ya zamani. Nyumba zile zilijengwa pamoja, nyingine za kununuliwa na wenye fedha, nyingine za kupangishwa kwa watu wa kipato kidogo. Uwanja wa michezo ulikuwepo, ila ua wa miti ulifanya watoto wa upande mmoja wasiweze kuingia. Watoto hao walisoma shule moja na kufahamiana kwa majina, lakini jioni mmoja alicheza na mwingine alimtazama. Kilichonigusa ni kwamba hata wazazi wa upande uliopendelewa walikataa. Walisema hatukununua nyumba ili watoto wetu watenganishwe na rafiki zao. Kelele zikawa nyingi, mpaka njia ikafunguliwa. Kisha mwaka 2021 mpango wa ujenzi wa jiji la London uliandikwa wazi: kila mtoto katika nyumba mpya apate nafasi ya kuchezea isiyopungua mita 10 za mraba, na nafasi hiyo isigawanywe kwa kufuata nani amenunua na nani amepanga.

Kwa hiyo nawaomba akina mama wa bloki mpya wasijione kuwa wanashtakiwa hapa. Hamkuweka waya ninyi. Lakini neno lenu ndilo lenye nguvu kuliko letu sisi wa upande huu, kwa sababu mlinzi akiulizwa anamlinda nani, anawataja ninyi.

Sasa nataka tuseme juu ya ardhi yenyewe, maana hapa watu wengi wanakosea. Vipimo vinavyotumiwa na mashirika katika kupanga kambi husema mita 45 za mraba kwa kila mtu. Mtu akisikia hivyo anapiga hesabu: sisi ni sita nyumbani, basi tuna mita 270, mbona kiwanja changu ni kidogo, nimeibiwa. Hapana, hujaibiwa. Katika zile 45 zimo barabara, vyoo, bomba, mifereji, shule, zahanati, soko, mahali pa kusali, mahali pa kugawia chakula, na mahali pa kuchezea watoto. Bloki moja huhesabiwa kuwa ya watu wapatao 1,250. Zidisha, utapata mita za mraba 56,250, kama viwanja vinane vya mpira. Tukichukua kile kipimo cha London cha mita 10 kwa mtoto, na tuseme watoto wa bloki ni 600, tutahitaji mita 6,000, ambazo hazifiki hata kiwanja kimoja kamili cha mpira kati ya vile vinane. Si ombi la anasa hilo.

Lakini nafasi ya pamoja ina adui mmoja, nao ni sisi wenyewe. Nafasi isiyo na jina huonekana kuwa haina mwenyewe. Leo mtu anasogeza jiko hatua mbili. Kesho jirani anapanda muhogo. Keshokutwa mwingine anaweka kibanda cha kuuza sabuni na vocha, halafu anakuja mtu wa kanisa dogo na miti minne. Hakuna aliyeiba, kila mmoja amechukua kidogo, na baada ya miaka mitatu watoto wanacheza barabarani mbele ya lori za maji.

Viongozi wa bloki wanajua pia habari ya ukanda wa kuzuia moto. Kanuni ni kwamba kila baada ya mita 300 za nyumba kuachwe mita 30 tupu, ili moto ukiwaka upande huu usivuke. Wengi wetu tumewahi kuona nyasi na turubai zikishika moto mchana wa upepo. Sina haja ya kueleza. Ukanda huo ndio uwanja mkubwa wa watoto katika kambi nyingi, kwa sababu haukatazwi mpira. Anayejenga pale anawanyang'anya watoto uwanja, na pia anaujengea moto daraja. Hili nalisema kwa ukali, na Sungusungu wanisikie: vibanda vilivyoingia kwenye ukanda kati ya bloki ya tatu na bloki mpya viondolewe kabla ya kiangazi kijacho, hata kama kimoja ni cha ndugu wa mjumbe wa Kamati.

Mtu akitaka kuona nafasi ikimezwa, aulize habari za Dzaleka, nchini Malawi. Palikuwa gereza, mwaka 1994 pakafanywa kambi ya watu kama 10,000 hadi 12,000. Sasa wamepita 50,000 mahali palepale. Watoto waliozaliwa huko wamejifunza kucheza katikati ya nyumba, kwenye vichochoro na kwenye mifereji. Nao Kalobeyei, kule Turkana, nchini Kenya, ulifunguliwa mwaka 2016 na ulipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji pamoja, shule na zahanati vikiwa vya wote. Sisemi huko hakuna matatizo. Nasema tu kwamba wazo la wenyeji na wakimbizi kutumia mahali pamoja lilichorwa kwenye ramani kabla ya nyumba ya kwanza, na kuchora mapema ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Halafu kuna watoto ambao tukisema "kiwanja" hatuwafikirii. Wababa wengi wakisikia kiwanja cha watoto wanaona magoli mawili. Magoli yakishawekwa, vijana wa miaka kumi na saba wanachukua uwanja wote, na binti anayetaka kucheza nzango na wenzake anasukumwa mpaka karibu na vyoo. Tena binti huyo mara nyingi ana mdogo wake mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvuka bonde akacheze halafu arudi. Yeye anahitaji mahali pa kivuli na mchanga ambapo mama akiwa jikoni anamwona. Na wale wenye ulemavu, tunao kumi na mmoja katika bloki za upande huu peke yake: mfereji usio na daraja la mbao kwao ni sawasawa na waya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema juu ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unasema hivyohivyo katika kifungu cha 12, na katika kifungu cha 23 unamtaja mtoto mkimbizi kwa jina lake. Hakuna mahali pameandikwa kwamba haki hiyo ni ya watoto wa kiume wenye mpira.

Wengine watasema, Mwalimu, unataka mambo makubwa na fedha hakuna. Nitajibu kwa habari mbili. Mwaka 1943, nchi ya Denmark ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani, bwana mmoja mchoraji wa bustani, C. Th. Sørensen, alifungua kiwanja Emdrup, huko Copenhagen, katika nyumba mpya za wafanyakazi. Alikuwa ameona kwamba watoto wanaviacha viwanja vilivyotengenezwa vizuri na kwenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Basi akawapa mabaki yenyewe: mbao, misumari, matofali, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Na huko Amsterdam, baada ya vita, mwaka 1947, mji ulianza kutengeneza viwanja vidogo kwenye nafasi zilizobaki wazi, vingine mahali ambapo nyumba zilibomolewa. Mchoraji alikuwa Aldo van Eyck, kijana bado. Aliweka shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, vyuma vya kupandia na mawe ya kurukia, basi. Majirani walipoona, waliandika barua: na sisi mtaani kwetu tuna nafasi, tuwekeeni. Hadi mwaka 1978 vilikuwa vimefika zaidi ya 700. Vingi havikuwa na ua wala mlinzi. Mtoto alipita, akacheza, akaenda zake.

Angalieni kwamba watu wale walikuwa wametoka kwenye vita na njaa kama sisi. Hawakungoja kuwa matajiri.

Na lile swali la vifaa kuvunjika, jibu lake limo humo humo. Bembea moja kambi nzima litavunjika, kwa sababu kila mtoto analikimbilia. Viwanja vinane vidogo vyenye mchanga, magogo na kamba havimfanyi mtu yeyote apigane. Na kama mtoto akiumia, wamama wa pale watamjua, maana watakuwa wanatazama kutoka milangoni.

Mapendekezo ya Kamati ndogo ya watoto yako kwa Mwenyekiti, yamepigwa chapa, lakini niyaseme kwa mdomo. Tunaomba shirika linalosimamia bloki mpya liondoe ulizo la kadi mlangoni. Waya unaweza kubaki upande wa barabara ya lori, huko una kazi. Upande wa bloki ya zamani na upande wa kijiji cha wenyeji ufunguliwe. Mlinzi asifukuzwe kazi, ila kazi yake ibadilike: aangalie wakubwa wasiwaonee wadogo. Saa za asubuhi ziwe za watoto wasioanza shule, na jioni mbili za wiki magoli yaondolewe, wasichana wapate uwanja. Katika bloki inayofuata, ambayo kamba za kupimia zitavutwa mwezi ujao, nafasi ya watoto ipigiwe vigingi kwanza, kabla ya nyumba, ipewe jina na kuandikwa kwenye ramani iliyobandikwa ofisini, ili mtu akija na miti yake minne aonyeshwe. Mzee wa kijiji cha wenyeji amekubali kutuma watu wawili siku hiyo. Aheshimiwe, apewe kiti.

Najua wapo wanaosema kwamba tutarudi nyumbani, kwa nini tusumbuke na viwanja. Na iwe hivyo, tupate kurudi. Lakini mtoto wa miaka sita hatakuwa na miaka sita tena siku ya kurudi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tunakutana kwenye bomba la bloki ya tatu. Wababa waje na majembe na misumeno, kuna magogo saba ya mkaratusi tuliyopewa. Akina mama wa bloki mpya wameahidi uji. Watoto wasije kabla ya saa nne, kwa sababu ya mashimo.