Aliyekosa Nazi Alifanyaje? Mapishi ya Familia kama Ushahidi wa Historia



Kichwa cha mhadhara huu kilipotangazwa, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa upole kama nimehamia Idara ya Sayansi Kimu. Hakukosea kuuliza. Mtu anapozindua uprofesa wake katika somo la historia, watu hutarajia kusikia habari za mikataba, vita na magavana. Leo nitayagusa machache ya hayo, ila nitaingilia mlango wa uani.

Dai langu ni hili. Mapishi yanayorithiwa katika familia hayatunzi ladha ya zamani, ingawa ndivyo tunavyopenda kuamini. Ladha haitunziki. Mbegu ya mpunga si ile, moto si ule, na hata kuku ni wa aina nyingine. Kinachotunzwa ni maamuzi. Mtu fulani alikosa kiungo, au alipata wageni asiowatarajia, au aliuguliwa, akaamua afanye hivi. Aliyemfuata akaona uamuzi ule unafaa, akaushika. Vizazi viwili baadaye tunauita mapishi ya bibi na tunagombana na yeyote anayetaka kuubadili.

Chukueni kisamvu, chakula ambacho hakuna mtu wa Tanga, Lindi au Unguja anayekitilia shaka kwamba ni cha mababu. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika kuanzia karne ya 16. Karanga tunazozitwanga na kuzitia humo nazo ni za Amerika ya Kusini, na nyanya na pilipili zimetoka bara hilohilo. Nazi ilivuka bahari kutoka upande wa Asia karne nyingi kabla yao. Mtu angeweza kukata tamaa hapa na kusema kwamba hatuna chetu. Mimi nasema tumtazame mpishi.

Majani ya muhogo yana sumu. Ndani yake mna kemikali ambazo jani likipondeka hutoa sianidi, na mtu akiyala mabichi au yaliyoiva nusu anaweza kudhurika. Sasa angalieni mama anavyofanya. Anachuma majani machanga ya juu, anaacha yaliyokomaa. Anayatwanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kisha anayachemsha kwa muda mrefu, na wapishi wengi watakukaripia ukifunika sufuria mapema. Kutwanga huifungua sumu ile kutoka kwenye jani, na mvuke huiondoa, kwa kuwa sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 tu. Baada ya hapo ndipo tui linatiwa. Huko Pará, kaskazini mwa Brazili, watu wana chakula kiitwacho maniçoba, cha majani hayohayo ya muhogo. Wao huyasaga na kuyachemsha karibu wiki nzima. Jani ni moja na tatizo ni moja, ila watu wa bahari mbili tofauti waliamua njia mbili tofauti, na sote tuko hai.

Nani aliamua huku kwetu? Hatujui jina lake. Huenda walikuwa wengi, na huenda wengine walilipa kwa maumivu ya tumbo la watoto wao. Lakini kila msichana aliyeambiwa "twanga tena, bado" alipokea matokeo ya utafiti ule bila kuambiwa sababu. Hivyo ndivyo maarifa ya jikoni yanavyosafiri. Amri inabaki, sababu inadondoka njiani. Kazi yetu sisi watafiti ni kurudi njiani na kuiokota.

Nitoe mfano wa pili, na huu nitauchukua polepole kwa sababu unapotea mbele ya macho yetu: mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa pamoja na tui zito, hamira, sukari na hiliki, kisha unaachwa uumuke. Hadi hapo kila kitabu cha mapishi kinakubaliana. Vitabu vinaanza kunyamaza unapofika kwenye moto. Sufuria ndogo inapashwa na mafuta mpaka ishike joto, rojo linamiminwa, moto unapunguzwa. Juu yake vinaanza kutokea vitundu. Pembeni panapokauka na katikati pakiwa bado panatikisika kidogo, mpishi anaipindua sufuria nzima, mdomo chini, aielekeze kwenye makaa ili uso wa mkate upate rangi. Wengine hawapindui. Wanafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Anayepindua mapema mkate unamwangukia motoni, na anayechelewa anapata mkate mgumu wenye uso mweupe.

Muda wa kupindua hauna dakika. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisikiliza. Rojo likiwa bichi hutoa sauti ya kuchemka, likishika sauti inapungua. Alikuwa akituambia tunyamaze, si kwa heshima ya mkate, bali asikie. Nimewahi kuona mapishi ya mkate huu yameandikwa vizuri kabisa, vipimo vyote sahihi kwa gramu, na nisione mahali palipotajwa sikio.

Sasa jiko la makaa linaondoka. Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Msinielewe vibaya. Mapafu ya mama zetu yana thamani kuliko mkate wowote, na anayetaka kulirembesha jiko la moshi aende kwanza akapulize kuni za mvua asubuhi. Ninachosema ni kwamba gesi haina makaa ya kuelekezea sufuria, kwa hiyo kila nyumba itabidi iamue upya: tanuri, kikaango chenye kifuniko kizito, au tuuache mkate uwe mweupe juu. Hayo ndiyo maamuzi ambayo wajukuu watayaita asili. Yanafanyika mwaka huu, na sisi tuko maktaba.

Nilisema nitagusa siasa. Kati ya 1973 na 1975 ukame uliipiga Tanzania, wakati uleule watu wakihamishiwa vijijini, na nchi ikalazimika kununua nafaka nje. Yakaja mahindi ya njano. Watu waliuita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu ile ya Dar es Salaam, na nakisia mashabiki wa Simba waliula kwa shida zaidi. Wazee wengi wanakumbuka harufu yake kabla ya kukumbuka mwaka wake. Kenya nayo ilikula mahindi ya njano baada ya ukame wa 1984. Waulize waliokuwa watoto wakati ule kwa nini hawagusi ugali wa rangi hiyo hadi leo, ingawa lishe yake si mbaya. Huko Unguja na Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilipatikana kwa mgao, na foleni ikawa sehemu ya siku. Bara ilifuata baada ya vita vya Kagera: mafuta ya kula, sukari na sabuni vikaadimika, mpaka serikali ikaanzisha mwaka 1983 operesheni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi.

Kumbukumbu za serikali zinatuambia tani ngapi ziliingia bandarini. Jikoni panatuambia zilivyogawanywa. Katika simulizi ninazokusanya, mama mmoja wa Unguja alinieleza kwamba kwao wali wa kawaida ulikoma kwa miaka kadhaa na mahali pake pakachukuliwa na mseto wa choroko, kwa sababu mchele wa mgao peke yake haukufika mwisho wa wiki. Mgao ulikwisha zamani, lakini mseto huo bado unapikwa nyumbani kwake kila Alhamisi, na watoto wake wanaupenda. Yeye haupendi. Anaupika kwa ajili yao na kujipakulia kidogo. Sijui waraka gani mwingine ungenipa habari hiyo.

Kuna jambo zito zaidi, na nimejiuliza kama pahala pake ni hapa. Nimeona ni hapa. Tunaposema "mapishi ya familia yetu" katika nyumba kubwa za pwani, familia maana yake nini? Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyetoroka Zanzibar mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake ameeleza pilikapilika za jiko la kasri la Beit al-Sahel. Ni maelezo mazuri ya mtu aliyekuwa akila. Waliokuwa wakipika, wengi wao walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani katika maisha ya bibi wa bibi zetu. Mkono uliojua ni lini biriani ishushwe ulikuwa mara nyingi wa mwanamke aliyeletwa kutoka Nyasa au Manyema, ambaye hakupewa nafasi katika nasaba ya nyumba. Mapishi yakaingia kwenye familia, yeye akabaki nje.

Wala si Waarabu na Waswahili peke yao. Wanawake wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walichapisha mwaka 1928 kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, chenye pia maneno ya Kiswahili ya kumwelekeza mpishi. Mpishi mwenyewe anaonekana humo kama mtu wa kuamriwa. Kwamba alikuwa na yake ya kusema kuhusu moto na nyama, kitabu hakikulipa hilo nafasi.

Kwa hiyo mtu akiniletea daftari la marehemu mama yake na kuniambia haya ni mapishi yetu tangu enzi, kwanza nalipokea kwa mikono miwili. Halafu namwuliza nani alikuwa akipika hapo nyumbani kabla ya mama. Mara nyingi kimya kinaingia, kisha jina linatoka, jina moja tu lisilo na la baba. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Wale walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 kwenda Oman walibeba maamuzi yao pia. Leo mandazi yanauzwa Muscat, na nyumba nyingi za watu wenye asili ya Zanzibar bado zinapika mchuzi wa nazi kwenye nchi ambayo minazi yake inastawi hasa kusini, Salalah. Nilikula mezani kwa familia moja huko. Tui lilitoka kwenye kopo na samaki alikuwa wa bahari yao, ila mama mwenye nyumba alilitia tui mwisho kabisa na kukoroga upande mmoja tu, lisikatike. Binti yake alisema ni imani tu, ukikoroga vyovyote ni sawasawa. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Ubishi ule ulinipa zaidi ya mchuzi, na mchuzi ulikuwa mzuri.

Mtaniuliza tufanye nini. Kenya imeonyesha njia moja: kazi yake ya kukusanya na kurithisha vyakula vya asili, iliyowahusisha Waisukha na Wapokot na kuwaingiza watoto wa shule, iliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika rejesta ya mifano bora ya kuhifadhi urithi usioshikika. Nalipenda jambo moja katika kazi ile, kwamba haikuwaacha watoto nje. Nina wasiwasi na njia ya pili, ya mashindano ya mapishi ya asili hotelini, ambapo jopo linatoa alama kwa anayefanana zaidi na jana. Huko mabadiliko yanakuwa kosa, na mabadiliko ndiyo ushahidi wenyewe.

Sisi hapa tutaanza na jambo dogo. Muhula ujao idara inafungua kozi ya historia ya jikoni, na wanafunzi wa mwaka wa pili watapangiwa kila mmoja mzee mmoja wa kupika naye. Nimewakataza swali la "unapikaje?" kwa sababu jibu lake linapatikana kwenye simu. Wataanza na maswali mengine. Mlipokosa nazi mlifanyaje? Nani nyumbani alikataa kula, na kwa nini? Chakula hiki kiliwahi kuharibika lini, mbele ya wageni gani? Mzazi aliyejifungua alipewa uji wa pilipili manga, au mtori kama kule Uchaggani, na ni nani aliyekuja kuupika? Kibaba na pishi mlivitumia mpaka lini, na kilo ilipoingia chakula kilizidi au kilipungua?

Vipimo waandike pia, sikatai. Pishi ya vibaba vinne, ambayo wengine bado wanapimia zaka ya fitri, ni historia ya biashara peke yake. Lakini mwanafunzi atakayeniletea mapishi yaliyonyooka, yasiyo na ubishi hata mmoja wala jina la aliyebishana, nitamrudishia kazi yake. Rekodi zitahifadhiwa maktaba kuu kwa ridhaa ya wazee wenyewe, na mzee atakayetaka kuzuia sehemu fulani isisikilizwe hadi afariki ana haki hiyo. Wawili wameshaidai. Wote wawili ni kuhusu pilau, na jirani.