Sheria za kazi zikiunganishwa, haki zetu zisipunguzwe

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa tawi. Tunaiweka hapa kwa wale walioiomba.)



Naanza na yangu. Niliwahi kufanya kazi kiwandani miezi mitano na wiki tatu. Jioni moja msimamizi akaniambia, "Kesho usije." Sababu? Hakuna. Nikadhani ni mkosi wangu, kumbe wenzangu kadhaa walitolewa vilevile, wote kabla ya miezi sita. Jamani, ile ilikuwa hesabu.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Lakini kifungu hichohicho kinajumlisha mikataba. Ukipewa wa miezi mitatu, ukaongezewa mwingine kwa mwajiri yuleyule, inahesabiwa pamoja. Nani alituambia?

Tuwe wakweli, mageuzi ya 2004 yalitusogeza. Sheria za zamani, nyingine za tangu ukoloni, zilifutwa. Tukapata kikomo cha saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, uzazi siku 84, na saa za ziada kulipwa mara moja na nusu. Hata mkataba wa maandishi ukikosekana, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wa mwajiri.

Shida ni kwamba haki zimetawanyika. Ajira ina sheria yake, taasisi za kazi yake, usalama mahali pa kazi ya 2003, fidia ukiumia ya 2008, hifadhi ya jamii nyingine, utumishi wa umma nyingine. Zanzibar nako, kwa kuwa kazi si suala la Muungano, wana zao za 2005. Kijana aliyefukuzwa anazungushwa ofisi hadi ofisi huku siku zinakatika. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa lifike CMA ndani ya siku 30. Ikifika ya 31, unaanza kuomba kuongezewa muda.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, sheria moja ya kazi kwa Tanzania Bara, kwa Kiswahili kinachosomeka. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo kisingizio hakuna. Pili, anayeachishwa kabla ya miezi sita apewe sababu kwa maandishi. Tatu, sheria imtambue dereva wa bodaboda anayepangiwa nauli na programu ya simu halafu anaambiwa yeye ni "mshirika" tu.

Ila tahadhari. Kuunganisha sheria kunaweza kutumika kupunguza haki kimyakimya. Muswada ukija, tuusome tukiwa na sheria ya 2004 pembeni, haki kwa haki. Likikosekana jambo, tulisemee siku hiyohiyo, sio baada ya Rais kusaini.

Kazi ya nyumbani: leo usiku tafuta mkataba wako. Kama huna, andika tarehe uliyoanza kazi, na tunza kila meseji ya malipo. Mimi sikutunza hata moja.