Unasali Wapi? Imani ya Kurithi na Imani ya Mtu Mzima



Katika mji huu wa Goma, watu wawili wakianza kujuana, swali moja halikawii: unasali wapi? Anayeuliza hataki kujua kama mwenzake husali kweli, wala sala imemfanyia nini. Anataka jina la parokia au la kanisa. Mwenzake atajibu, “Mimi Mkatolika,” na habari itaishia hapo, kama vile ametaja avenyu anayokaa. Nimelifanya swali hilo kuwa mlango wa mhadhara wa leo kwa sababu limeficha jambo ambalo wengi waliolelewa katika Ukatoliki hukutana nalo wakiwa na miaka thelathini, wengine hamsini: wanajua vizuri wanasali wapi, lakini hawajui tena wanasali nini. Baadhi yao hunyamaza na kuendelea kwenda Misa, na baadhi huhamia makanisa ya uamsho. Wapo pia wanaoanza polepole, pengine kwa siri, kutafuta namna yao ya kukaa mbele ya Mungu: kwa ukimya, kwa kusoma Maandiko bila kusomewa, kwa kuwahudumia wagonjwa wasio ndugu zao. Hao wa mwisho hushtakiwa kwamba wameiacha imani ya wazazi. Mimi nasema wanafanya sehemu ya imani hiyo ambayo hakuna mzazi awezaye kumfanyia mtoto wake.

Tuanze na historia iliyosahaulika. Ukristo wa Kikatoliki wa upande huu uliletwa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walioanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Lavigerie aliwawekea watu wake kanuni nzito: mtu mzima anayeomba ubatizo angoje miaka 4, miwili ya mwanzo akiwa mwombaji tu, miwili ya pili akiwa mkatekumeni. Aliichota kanuni hiyo kwa Wakristo wa karne za kwanza, ambao hawakumtia mtu majini mpaka wamwone anavyoishi. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, aliandikishwa mkatekumeni tangu utotoni na mama yake Monika, lakini hakubatizwa mpaka Pasaka ya mwaka 387, kwa mkono wa Ambrosi wa Milano, akiwa na miaka 32. Babu zetu waliobatizwa na Mapadri Weupe walipitia shule ya namna hiyo. Walipewa muda wa kusitasita, hata wa kurudi nyuma, na muda huo wenyewe ulihesabiwa kuwa sehemu ya kuamini.

Kisha kikazaliwa kizazi cha pili, na wazazi Wakristo wakaleta watoto wachanga. Miaka minne ikafutika. Sisemi ubatizo wa watoto ni kosa. Hakuna mama anayengoja mtoto ajue lugha ndipo amsemeshe. Humsemesha tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo mtoto hujua kusema. Lakini mtoto anayesemeshwa miaka na miaka bila kufungua kinywa, wazazi wake huanza kuhangaika. Siku ya ubatizo wasimamizi walijibu kwa niaba ya kitoto kilichokuwa kikilia. Komunyo ya kwanza na kipaimara zilikuja pamoja na darasa zima, kwa majibu yaliyokaririwa, na wengi waliyajibu kwa sababu wenzao walikuwa wanajibu. Ni lini basi mtu huyo alijibu mwenyewe? Kama ni akiwa na miaka arobaini, tusimlaumu kwa kuchelewa, maana hatukumwachia nafasi mapema.

Kuna sababu nyingine iliyofanya jibu hilo liwe gumu hapa kwetu kuliko mahali pengine, nayo ni shule. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II uliwapa wamisionari ardhi, nao wakachukua wajibu wa kufundisha. Serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule mwaka 1974, lakini mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ukaurudisha uendeshaji wake kwa makanisa, na mpaka leo maelfu ya watoto wa nchi hii hujifunza kusoma chini ya msalaba. Mtoto alipokea mambo yote katika furushi moja: alfabeti, dawa ya malaria, kwaya, mpira wa miguu na Mungu. Ni zawadi kubwa, na asiyeikiri ni mkosefu wa fadhila. Ila furushi lililofungwa hivyo lina shida yake. Ukigusa kitu kimoja, unaonekana unakataa vyote. Kumuuliza padri swali kukafanana na kumkana aliyekufundisha kuandika jina lako. Ndiyo maana mashaka ya Mkatolika wa Kongo mara nyingi humjia yakiwa yamevaa aibu kabla hajayachunguza kama yana ukweli. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga mpaka akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Alikuwa na haki ya kupinga. Lakini amri ile, bila kukusudia, iliwauliza Wakristo swali jema: ukinyang'anywa jina la mtakatifu kwenye karatasi, umebaki na nini?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa, tena kwa Kiswahili, na watu ambao hawakuwa wanateolojia. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 akatoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Wasomi wetu wamekichambua na kukikosoa sana, na baadhi ya makosa waliyoyaona ni makosa kweli. Kilicho kikubwa kwangu ni kile kilichozaliwa baada ya kitabu, huko Kolwezi katika miaka ya 1950. Wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao, watu waliobatizwa zamani, walianza kukutana naye na kusema mambo ambayo katekisimu haikuwahi kuwauliza: wanatamani nini, wanaogopa nini, mume na mke wanajuanaje. Wakajiita Jamaa. Maneno makuu ya mafundisho yao yalikuwa matatu, uzima, uzazi na mapendo, na kati ya hayo hakuna hata moja lililohitaji kutafsiriwa kutoka Kilatini. Mtu hakuingia Jamaa kwa kuzaliwa. Aliingia hatua kwa hatua, pamoja na mwenzi wake, kwa kuyasikia mawazo na kuyafanya yake. Miaka 4 ya Lavigerie ilikuwa imerudi kupitia mlango wa nyuma, na safari hii waliorudi darasani walikuwa watu waliokwisha kubatizwa. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Baadaye maaskofu waliikemea Jamaa kwa upotofu uliojitokeza katika baadhi ya makundi yake, na sitaki kusema kwamba hawakuwa na sababu. Lakini njaa iliyowakusanya watu wale haikuwa upotofu. Ilikuwa njaa ya kuamini kwa kinywa chao wenyewe.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, na nalisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: mambo ya kiroho ya mtu binafsi ni ugonjwa wa Ulaya, kwetu mtu ni watu, na anayesali peke yake ni kama anayekula peke yake. Nalikubali nusu. Ibada ya Misa ya Zaire, iliyopitishwa na Roma mwaka 1988, huwaalika mahenga mwanzoni kabisa, kabla hata ya kukiri dhambi, kwa sababu Mwafrika haendi mbele za Mungu bila watu wake. Ila tazameni Misa hiyohiyo. Tunapoomba mkate twasema Baba Yetu, kwa wingi. Tunapokiri imani twasema Nasadiki, kwa umoja, kama Kilatini kinavyosema Credo. Watu elfu moja hulitamka neno hilo kwa sauti moja, lakini kitenzi chenyewe hakimruhusu jirani anisadikie. Na ile Jamaa ya Kolwezi inaonyesha kwamba anayeshuka ndani yake kwa kweli hawezi kubaki huko peke yake: walitafuta mawazo ya moyo, wakawapata wake zao na waume zao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama kila mtu atajitafutia njia, nani atamsahihisha? Si atachagua yanayompendeza na kuyaacha yanayomgharimu? Hatari hiyo ipo, tena kubwa. Kanisa lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilifundisha kwamba dhamiri ni patakatifu pa ndani ya mtu anapokuwa peke yake na Mungu. Na kabla yake Thoma wa Akwino alishikilia kwamba hata dhamiri iliyokosea humfunga mwenye nayo. Lakini hakuna aliyefundisha kwamba dhamiri hujilisha yenyewe. Kwa hiyo tunahitaji kipimo, na mji huu umekitoa. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi katika OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, akikagua zile zinazoingia, na mwaka 2007 aliletewa mchele ulioharibika pamoja na pesa ili aufumbie macho. Alikataa. Mwezi Julai mwaka huohuo alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Tumtazame kijana huyu taratibu, kwa sababu tunaharakisha kumweka kwenye picha za ukutani. Hakuwa padri wala mtawa. Sala yake aliikuza katika Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei kilichoanzia Roma mwaka 1968, na aliifanya pamoja na urafiki na maibobo, watoto wa barabarani ambao wengi wetu huwapita tukishika mifuko yetu. Hakuna swali la katekisimu linalotaja cheti cha mchele. Amri alizojifunza mtoto zinakataza kuua na kuiba. Kuona kwamba mhuri uliopigwa juu ya gunia bovu ni kuua, hilo lilihitaji mtu mzima aliyeifikisha amri mpaka kwenye meza yake ya kazi. Wala hakuamua gizani: inasimuliwa kwamba alimuuliza sista mmoja daktari chakula kile kingewafanya nini watu. Ndivyo dhamiri iliyokomaa inavyofanya kazi. Huuliza wanaojua, kisha huamua bila kumtwisha mwingine uamuzi. Basi anayeniambia kwamba amepata njia yake ya kiroho, sitamuuliza kama bado anakwenda Misa kila Dominika, ingawa natamani aende. Nitauliza ni tumbo la nani limenusurika kwa sababu yake.

Lakini je, aliyeondoka kabisa? Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefariki mwaka 2025, aliishi ujanani katika monasteri ya Wabenedikto ya Gihindamuyaga, Rwanda, kisha akatoka, na baadaye akajiita mtu asiyeweza kusema kama Mungu yuko. Ningekuwa mwizi nikimrudisha kundini baada ya kifo chake ili hoja yangu itimie. Alijibu mwenyewe, na jibu lake halikuwa Nasadiki. Nalihesabu kuwa jibu la kweli, na naliheshimu kuliko ndiyo nyingi zisizofikiriwa. Ninachokiona tu ni kwamba kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1994 alikiita, katika kichwa chake kidogo, mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa namna ya Kibenedikto. Nidhamu ya monasteri ilibaki katika mkono ulioandika. Malezi hayachagui mahali mtu atakapofika, lakini huonekana katika mwendo wake.

Mwisho kuna wanaosema kwamba haya ni mambo ya watu walioshiba. Kwamba Katoyi, mtaa huu wa Goma penye nyumba za mbao juu ya mawe ya volkeno na familia zinazohesabu maji kwa bidoni, haina nafasi ya kutafakari. Mimi naona kinyume chake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Siku hiyo swali la “unasali wapi?” lilikosa jibu kwa maelfu ya watu. Tangu vita viingie mjini mwezi Januari 2025, wengi wamehama tena, wakibeba godoro na sufuria. Imani ya mahali haibebeki hivyo. Anayekimbia usiku hana parokia wala kwaya; ana yale tu aliyoyafanya yake. Kwa hiyo swali hili ni la mkimbizi kabla ya kuwa la profesa.

Tuna chombo tayari, nacho ni shirika, jumuiya ndogo ya majirani inayokutana nyumbani kwa mtu, isiyohitaji kanisa kuu wala mnara. Mara nyingi tumeigeuza kuwa mahali pa kuchanga pesa za mazishi na kupangiana zamu za kufagia kanisa, kazi njema zote. Nayaomba mashirika ya Katoyi yatenge jioni chache za Kwaresima kwa ajili ya waliobatizwa wakiwa wachanga. Kila mtu mzima aseme kwa maneno yake, katika Kiswahili chetu cha hapa, kile anachokisadiki na kile asichoweza kukisadiki tena. Msimamizi wa shirika asimsahihishe mtu jioni hiyo. Asikilize, na zamu yake ikifika, naye aseme.