Mizani ya Ushirika

Sisi wa Kibiti twalima mikorosho. Korosho zetu hupimwa katika vyama vya msingi vya ushirika, kisha hupelekwa ghalani kungojea mnada. Vyama hivyo ni mali ya wanachama wenyewe. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Auzaye kwa kangomba, pasipo mizani ya haki, hupata fedha leo, naye hupunjwa. Auzaye ushirikani hana budi kungoja, na njaa haingoji. Basi atavumiliaje asipouamini ushirika wake? Na tuhudhurie mikutano, tuulize hesabu zetu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.