AJALI ISIYOANDIKWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya ajali na majeraha yake. Mimi si daktari wala mwanasheria. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo ninalolijua, nalo ni karatasi.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Siwapingi. Lakini hasara inayofuata ajali ina kinga, na kinga mojawapo ni kuiandika siku ile ile.

Mwaka 2017, katika kituo changu cha zamani, nilimtuma mhudumu wetu wa ofisi, mzee aliyenizidi umri, anitolee jalada katika rafu ya juu huko masijala. Ngazi ilikuwa mbovu, na sote tulijua. Ikateleza, akaanguka chali. Nilipofika alikwisha simama, anapangusa vumbi. Akaniambia, "Usijali, bosi, ni mshtuko tu." Nikampa fedha ya dawa na ruhusa ya kwenda nyumbani mapema, nikajiona nimetenda wema. Fomu sikujaza. Baada ya miezi michache nikahamishwa.

Mgongo ule haukupona. Mwaka 2020 alinipigia simu: hawezi tena kuinama wala kubeba ndoo ya maji, na ofisini hakuna karatasi hata moja ionyeshayo kwamba aliumia kazini. Niliandika barua ya ushahidi, lakini haikumsaidia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Lile jalada, bosi, ulilipata?" Ndugu zangu, hata sikukumbuka lilihusu nini.

Nasema haya kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, nao Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, kwa watumishi wa umma na wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na hutoa pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Na ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki hupotea.

Hali kadhalika barabarani. Bima ya gari kwa ajili ya watu wengine ni lazima kisheria, lakini aliyegongwa hupewa noti mbili pale pale na mambo yakaisha. Usiku mguu unavimba, na mwenye gari hajulikani aliko. Hakuna aliyekwenda polisi, hakuna PF3 iliyojazwa na daktari. Ataanzia wapi kudai?

Tena majeraha mengi hayaonekani siku ya kwanza. Aliyepigiza kichwa aweza kuzungumza vizuri, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Kwa hiyo neno la mgonjwa kwamba yeye ni mzima lisitutoshe.

Wengi wetu hapa leo ni wakuu wa idara, wenye mabasi na wenye maduka. Tunao watu chini yetu ambao wataona haya kutusumbua. Yatupasa sisi tuanze: ngazi mbovu itolewe, aliyeanguka apelekwe hospitali, na tarehe, saa, mahali na majina ya mashahidi yaandikwe kabla ya kufunga ofisi.

Mtakumbuka daftari la mwalimu wa zamu. Kila aliyeumia mpirani aliandikwa humo, hata kama ni kidole tu, nasi tulikuwa tukicheka. Laiti ningalilifuata daftari lile mwaka 2017.