ARDHI TULIYOIACHA NA ARDHI TULIYOAZIMWA

Maelezo ya mwalimu wa shule ya kambi, aliyoyatoa siku ya kumbukumbu ya Kamati

 

Kamati imenitaka niseme machache juu ya ardhi. Nilipouliza kwa nini asiombwe mzee mmoja, niliambiwa: "Wazee wanaijua ardhi, wewe unazijua karatasi." Ni kweli. Na kwa sababu ya karatasi hizo, leo nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema mbele ya watu.

Ndugu zangu, sisi tuliomo humu tumetoka Palma, Quionga, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na visiwani. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa iliposhambuliwa mara ya kwanza, hadi Palma tarehe 24 Machi 2021, na tena baada ya hapo, kila mmoja ana siku yake ya kukimbia. Sitazirudia siku hizo. Nataka kukumbusha jambo moja tu: tulitoka na watoto, wengine na godoro, wengine na kuku. Shamba halibebwi kichwani. Shamba lilibaki.

Sasa wengi wamekwisha kurudi, na wengine wanajiandaa. Swali ni hili: tukifika, tutaambiwa shamba ni la nani? Na aliyelitunza wakati hatupo ni nani?

Nianze na kosa langu. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu mgeni katika kijiji cha pwani, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu. Walikuja watu wa kampuni moja wakitaka ardhi karibu na mlango wa mto. Walisema watahifadhi mikoko, watapanda miti mipya, na vijana watapata kazi. Mkutano ukafanyika chini ya mwembe. Kwa kuwa naandika Kireno vizuri, niliombwa kuandika muhtasari.

Bibi mmoja akasimama. Alisema kwa Kimwani kwamba ardhi ile ya nyuma ya mikoko ni yake na dada zake, wanalima mpunga na ufuta, lakini kwa miaka ile wameilaza ipumzike. Mgeni mmoja akauliza: "Je, mwaka huu kuna anayeilima?" Watu wakajibu: "Mwaka huu, hapana." Nami nikaandika kwa Kireno: ardhi haina anayeilima.

Ndugu zangu, kila neno la jibu lile lilikuwa kweli, na maandishi yangu yalikuwa uongo. Sikuwasomea watu nilichokiandika. Wakapanga mstari, wakaweka saini na dole gumba. Baada ya miezi michache vigingi vikapigwa. Bibi yule alikuja hadi mlangoni pa darasa langu akaniuliza: "Mwanangu, siku ile uliandika nini?" Sikuwa na jibu.

Nimelisema hili si kwa kujitesa. Nimelisema kwa sababu vita vimeyalaza mashamba yetu yote. Leo akienda mtu na karatasi kutoka Quissanga hadi Rovuma, anaweza kukuta pori, akauliza kama mwaka huu kuna anayelima, na akaandika neno lile lile nililoandika mimi.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya Msumbiji, namba 19 ya mwaka 1997, imeandikwa kwamba ardhi ni mali ya Serikali na haiuzwi. Mwananchi anapata haki ya kuitumia na kunufaika nayo, ile inayoitwa DUAT. Haki hiyo haipatikani kwa ombi la ofisini peke yake. Anayo aliyeikalia ardhi kwa desturi za jamaa zake. Anayo pia mwananchi aliyeitumia kwa nia njema kwa muda wa miaka 10 au zaidi. Asiye na cheti hapotezi haki hiyo, mradi aweze kuithibitisha. Na uthibitisho unaokubaliwa ni pamoja na ushahidi wa wanajamii, wanaume kwa wanawake. Mwanamke ana haki sawa ya kutumia ardhi na ya kurithi.

Kuna jambo jingine ambalo ningelijua siku ile ya mwembe, nisingeandika nilivyoandika. Sheria hiyo inapoeleza jamii ya mahali ni nini, inataja ardhi yake: mashamba yanayolimwa na mashamba yaliyopumzishwa, misitu, sehemu za mila, malisho, chemchemi za maji, na eneo la kijiji kupanuka. Mashamba yaliyopumzishwa! Waliotunga sheria walijua ambalo bibi yule alilijua. Kulaza shamba si kulitupa. Ndiyo hifadhi ya ardhi ya kwanza tuliyorithi, kabla ya kuja mradi wowote wenye bango barabarani.

Sasa, nani anasimamia? Wengi husema, "Hayo ni mambo ya Maputo." Kwa saini, mara nyingine ni kweli. Kwa utaratibu wa mwaka 1997, gavana wa mkoa anaidhinisha hadi hekta 1,000, waziri hadi hekta 10,000, na zaidi ya hapo ni Baraza la Mawaziri. Lakini kabla karatasi haijapanda huko, inatakiwa iwe na maoni ya administrador wa wilaya, na maoni hayo yatanguliwe na mashauriano na jamii. Kanuni ya mwaka 2011 ikataka mashauriano yawe na hatua mbili: kwanza watu wapewe habari, kisha ndani ya siku 30 wakutane tena watoe neno lao. Kwa hiyo saini iko juu, lakini mlango uko kijijini. Mlango huo ukilindwa na mtu aliyelala, kama nilivyolala mimi, wilaya itapokea uongo na kuupeleka mbele kwa nia njema kabisa.

Tazameni Afungi. Mwaka 2012 zilitolewa hekta zipatazo 7,000 kwa ajili ya mradi wa gesi. Mabishano juu ya mashauriano yalidumu miaka. Familia zaidi ya 550 zilipangiwa kuhama na kujengewa Quitunda. Nyumba ni za saruji, na shukrani zisikosekane. Lakini mashamba ya kuwapa waliohamishwa yalipaswa kutoka katika ardhi ya majirani kama Senga, na kule nako kulikuwa na wenyewe, na mikorosho yao. Mtu ukimhamisha mmoja umewagusa wawili. Kazi ya mradi ilisimama Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba itaendelea. Kazi ikirudi, watu watarudi, na wanaotafuta ardhi watarudi pia. Afadhali tuwe tumejiandaa.

Tazameni na Quirimbas. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 2002, ikachukua bara na bahari katika wilaya kadhaa, na mwaka 2018 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira. Hifadhi ile haikuanzishwa mahali patupu. Ndani yake mlikuwa na vijiji, mashamba na mitego ya samaki. Kwa kanuni za Msumbiji, asilimia 20 ya mapato ya Serikali yatokanayo na misitu na wanyamapori ni ya jamii za mahali. Lakini fedha hizo hazitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Jamii inatakiwa iwe na kamati na akaunti ya benki. Na sheria ya hifadhi ya mwaka 2014 imeweka mabaraza ya usimamizi ambamo jamii nayo ina kiti. Kijiji kisicho na kamati kinapata makatazo ya hifadhi bila kupata haki zake. Naye aliyekimbia, kiti chake kikabaki kitupu, asishangae akikuta mwingine amekikalia.

Hata ufuoni kuna ulinzi. Mita 100 kuingia bara, tangu maji makuu yanapofikia, sheria ya 1997 imezifanya eneo la hifadhi, na DUAT haipatikani hapo ila leseni maalum. Vijana, akija mtu kuwaonyesha hati ya kumiliki ufuo wenye minazi ya babu zenu, mwambieni twende naye wilayani kwanza.

Nageukia hapa tulipo. Ardhi hii tuliyosimama ina wenyewe, na baadhi yao wameketi safu ya mbele. Waliitwa wakaambiwa watu wanakuja, wakatoa viwanja, kisha wakatoa na sehemu za kulima. Mwenyeji wangu alinipa kipande akaniambia: "Mwalimu, lima mahindi, lima muhogo, lakini mikorosho usipande." Wengine wetu walilichukia neno hilo. Mimi nililielewa. Kwetu pia, mti ni shahidi. Anayepanda mkorosho amesema shamba ni lake bila kufungua mdomo. Wazee walipohamishiwa vijiji vya ujamaa baada ya uhuru wa 1975, wakaacha mashamba ya zamani, mikorosho na minazi ndiyo iliyowatambulisha wenyewe waliporudi.

Basi tusifanye kwa mwenyeji tusichotaka tufanyiwe kwetu. Tumeazimwa. Miti ya kijiji hiki imepungua tangu tulipofika. Atakayebisha atembee hadi wanakokata kuni sasa, alinganishe na tulikokata mwaka wa kwanza. Tukichoma mkaa wa msitu wa watu usiku, tutakuwa na uso gani wa kudai mikoko yetu kule pwani?

Ndugu zangu, nina mapendekezo manne.

Kwanza, Kamati ifungue daftari la mashamba. Kila familia iandike: shamba liko kijiji gani, limepakana na nani upande wa jua kuchomoza na upande wa jua kutua, lina miti gani na aliipanda nani, lililimwa nini, na lilipumzishwa mwaka gani. Liandikwe jina la mama na la baba. Mashahidi wawili waweke saini, na mmoja wao awe mzee. Daftari hilo si DUAT, tusidanganyane. Ni ushahidi, na ushahidi ndio unaotakiwa. Wazee wetu wanafariki hapa kambini, na kila mzee tunayemzika tunazika naye mipaka.

Pili, hakuna muhtasari utakaowekwa saini mpaka usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakonde au Kimakua, kwa lugha ya waliosema. Darasani mtoto akiandika imla namwambia asome alichoandika. Mkubwa naye asome. Na nakala moja ibaki kijijini.

Tatu, tuwe na masikilizano ya maandishi na wenyeji wetu: kipande gani tunalima, kwa misimu mingapi, kuni zikatwe wapi na wapi pasiguswe. Wasimamizi wawe wawili wawili, mmoja wao mmoja wetu. Anayejua ameazimwa asije kesho akajiita mwenyewe.

Nne, kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru kwa mbegu na majembe. Tunawaomba daftari, kalamu, na mwenye kifaa cha kupimia atakayefuatana na wanaorudi. Na mnapotaka kupanda miti au kuchimba kisima, msiulize tu kama pana anayelima. Ulizeni pana mwenyewe nani.

Nimalizie na bibi yule. Sijui kama alivuka salama siku ya kukimbia. Lakini katika daftari langu la shule, ukurasa wa kwanza, nimeandika shamba lake: nyuma ya mikoko, mpunga na ufuta, miembe miwili upande wa bahari, la bibi na dada zake, limepumzishwa. Sasa natafuta shahidi wa pili. Kama yumo humu mtu wa kijiji kile, nitakuwa chini ya mti wa shule baada ya mkutano.